Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na moja nimegeuza wagonjwa Bombo,
kushoto, kulia, wasipate vidonda vya kulalia,
kisha nikapewa kiinua mgongo.
Nikanunua gari.

Rangi ya maziwa, milango minne,
mngurumo wa mtu aliyekula akashiba.
Nurdini Shekalaghe akalipiga bodi kofi la kirafiki:
"Mama, hili aliendesha mwalimu wa kike huko Japani,
shule na nyumbani, basi."
Nikatia sahihi pale aliponionyesha kwa ukucha.

Siku ya nne, sijafika Muheza, likaanza kukohoa.
Vikohozi navijua. Hiki hakikuwa cha vumbi.

Fundi Mbwego wa Makorora alilala chini yake robo saa,
akatoka na kutu kwenye nyusi.
Akanitafutia kiti kwanza, kama daktari.
"Dada, haya ni magari mawili.
Mbele ya mmoja, nyuma ya mwingine.
Yameungwa hapa, chini ya kiti chako."
Akakishika kidole changu, akakipitisha kwenye uungo.
Nimeshona watu.
Ule haukuwa mshono wa kupona.

Yadini Shekalaghe alikuwa akichambua miiba ya changu.
Hakunawa. Akanionyesha chini ya risiti
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*limeuzwa kama lilivyo.*
"Hukusoma?"

Sikusoma.
Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa maneno
wasimpe mtu kidonge kabla ya kusoma kibandiko.

Shemeji akaniambia, yaliyopita si ndwele.
Shemeji, ndwele ndiyo kazi yangu.
Inayouma bado haijapita.

Ngamiani, ghorofani, feni moja na mafaili hadi dirishani,
Mwanamvua Singano wa msaada wa sheria,
umri wa mwanangu wa mwisho,
aliisoma risiti mara mbili, mara ya pili kwa kidole.
"Kama lilivyo," akasema, "ni kwa ulichokiona.
Uungo uliofunikwa rangi uliuona wapi?
Tena ulimwambia gari ni la kazi gani?"

Nilimwambia. La kuwawahisha wajawazito wa mtaani kwetu usiku.
Alisema, Mungu akuzidishie, mama,
akaongeza laki mbili.

Mwanamvua hakucheka.
Unaweza kulirudisha, udai pesa yako yote,
lakini acha kuliendesha leo,
ukizidi kulipanda watasema umeliridhia.
Au ubaki nalo, akulipe pengo
kati ya gari aliloliuza kwa mdomo na hili lililosimama nje.
Barua kwanza, siku kumi na nne, aitie sahihi kuwa kaipata.
Akinyamaza, kuna Tume, kuna mahakama,
na mahakama, mama, ina mabenchi magumu.
"Una ushahidi?"

Nikatoa daftari.

*Jumatano, saa 1:40 asubuhi. Limekataa kuwaka.*
*Saa 1:55. Limewaka, linatetemeka.*
*Alhamisi. Mafuta chini, kiasi cha kikombe cha kahawa.*
*Ijumaa. Harufu ya kuungua, haikudumu.*

Akafungua kurasa, akafungua.
"Hili ni faili la mgonjwa."
Sikujua kuandika vingine.

Siku ya kumi na moja simu ikalia, sauti imepakwa asali:
tuyamalize kiutu uzima, nakurudishia nusu.
Sikulala. Ada ya mjukuu, bati la jikoni, nusu ni pesa.
Lakini nusu ya mgongo inainua nini?

Nilikuwa bado macho
pikipiki ilipopita dirishani, taa moja,
Mwajabu wa nyumba ya tatu katikati ya dereva na mama yake,
mikono miwili chini ya tumbo kama abebaye maji.
Gari langu limesimama uani, jeupe, safi,
paka kalala juu ya boneti isiyo na joto.

Nikawasha taa. Nikatafuta kalamu.

*Saa 8:20 usiku. Mwajabu. Kwa bodaboda.*